Aliyeufuata Ubao

Alikuwa na majina mawili, na yote mawili yalikuwa ya uongo. Klabuni tulimwita Ustadh, ingawa hakuwahi kumfundisha mtoto hata alifu. Mtaani kwao, Mji wa Kale, walimwita mlevi, si mbele yake bali akishapita, ingawa pombe hakuwahi kuitia mdomoni. Nilicheza naye vishale kwa miaka mingi, nikasafiri naye, nikala naye, nikagombana naye pia, na hili naweza kuliapia popote: chupa aliyoishika ilikuwa ya soda ya tangawizi, moja tu, na aliinywa taratibu mpaka ikapata joto la mkono wake. Ukimwambia aagize nyingine alisema, "Ya nini? Hii haijaniudhi."

Mimi ni Mgiriama wa Kaloleni, karani katika yadi ya makontena Shimanzi, na katika timu yetu nilikuwa mwanamke peke yangu. Wanaume wengine waliponiona naingia klabuni na kijaluba cha vishale walidhani nimemletea mtu chakula. Ustadh hakudhani hivyo. Siku ya kwanza alinitazama nikitupa, akanyamaza, kisha akanionyesha kwa kidole mahali pa kuweka mguu, maana mwanamke wa watu hakumgusa.

"Mwanangu, watupa kama mtu afukuzaye kuku," aliniambia. "Kishale hakifukuzwi. Chaachiliwa."

Nilikasirika siku nzima. Nilipopoa nilijaribu alivyosema, na kishale kikaenda nilikokituma.

Kwa asiyeujua mchezo, mambo ni machache. Unaanza na alama mia tano na moja, unazipunguza kwa vishale vitatu vitatu, na lazima umalize kwenye sufuri kamili. Tena kishale cha mwisho ni sharti kiingie kwenye ukanda mwembamba wa pembezoni mwa ubao, tunaouita dabo kwa kuwa huzidisha alama mara mbili. Ukanda huo hauzidi upana wa kidole cha mtoto. Nimewaona watu wazima, wenye wake na vyeo, wakitokwa na jasho mbele yake.

Alijifunza mchezo akiwa kijana, alipokuwa akipokea mizigo katika ghala moja la Shimanzi. Kampuni ilikuwa na kantini ya wafanyakazi, na kwenye ukuta wa kantini, baina ya jagi la maji na dirisha la chapati, palitundikwa ubao. Watu walitupa vishale saa ya chakula, kwa chai na soda. Kisha kantini ikafungwa, na wenye ubao wao wakaubeba wakaupeleka kwenye klabu iliyokuwa na baa. Wenzake Waislamu waliacha kucheza. Yeye hakuacha.

"Mimi sikuifuata pombe," alizoea kutuambia. "Niliufuata ubao. Ubao ndio uliohamia kwa pombe."

Maneno hayo aliyasema klabuni, ambako hakuna aliyehitaji kuyasikia. Mtaani, walikohitaji kuyasikia, hakuyasema. Watu wa barazani walimwona anaingia mlango wenye picha ya chupa, wakamwona anatoka, wakamaliza kesi: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nilipomuuliza kwa nini hajitetei alisema mtu akianza kujitetea barazani hamalizi, na akutukanaye hakuchagulii tusi. Nilimwona mkaidi. Mpaka leo namwona mkaidi, na ukaidi wake ulimgharimu kuliko alivyopenda kukiri.

Msidhani nasimulia habari za mtu mpole. Mpole hakuwa. Alikuwa na ujanja mmoja mbaya sana. Mpinzani akiwa karibu kumaliza, Ustadh alimsogelea kabla hajafika kwenye mstari wa kutupia, akamwambia kwa sauti ya upendo, "Mashallah, mkono wako leo mzuri. Waushikilia vipi?" Maskini yule akisimama mstarini huanza kuutazama mkono wake mwenyewe, na mtu akishautazama mkono wake amekwisha. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Nilimwambia hiyo ni dhambi. Akasema kumsifu mtu si dhambi katika dini yoyote anayoijua.

Tena alijipenda. Alikuja klabuni amevaa kofia ya viua iliyofuliwa ikanyooshwa kwenye kifuu cha nazi, shati limepigwa pasi, nguo zote zimefukizwa udi. Katika chumba kilichojaa harufu ya bia na nyama ya kuchoma, ungefumba macho ukajua amefika. Wasichana wa baa walimpenda kwa sababu hakuwahi kuwapigia miluzi, na alipotaka soda alisema "tafadhali binti yangu." Mtu akitukana karibu yake aliweka vishale mezani na kungoja mpaka mwenye tusi aombe radhi. Hata kepteni wetu, Mtaita mpana wa kifua na wa sauti, ambaye bila matusi hawezi kuhesabu hadi kumi, alijifunza kuhesabu.

Ligi ilipofanywa ya kulipwa, tukaanza kuzunguka miji. Msimu mmoja ulitupeleka Nairobi, Nakuru, Eldoret na Kisumu, kisha kila timu ikaja kwetu Mombasa. Waliodhamini ligi walikuwa kampuni ya bia, na nembo yao ilichorwa kifuani mwa jezi, kubwa kama sahani. Ustadh alivaa jezi kama sisi, halafu juu yake akavaa kizibao cheusi, akakifunga vifungo vyote. Kule Eldoret baridi ilimsaidia asionekane kituko. Kisumu jua lilikuwa kali, akalowa jasho mgongo mzima, na hakufungua hata kifungo kimoja. Wasimamizi wa ligi walinung'unika, lakini watu walikuja kumtazama yeye, wakaona heri wanyamaze.

"Mimi nikifika mji wa watu huuliza mambo mawili," alisema. "Kibla ki wapi, na ubao u wapi. Yaliyobaki nitayaona njiani."

Na kweli, katika kila mji alijua msikiti ulio karibu na ukumbi, akajua na njia ya mkato ya kwenda na kurudi baina ya mechi mbili. Nakuru aliwahi kukimbia kutoka kuswali magharibi, viatu mkononi, akafika mstarini miguu ina vumbi, akashinda. Usiniulize kwa nini hakuvaa viatu.

Kwenye safari ndiko nilikomjua hasa. Wenzetu wakishamaliza mechi walikaa baa kushangilia au kujiliwaza. Mimi na Ustadh tulibaki kwenye mkahawa wa hoteli, mimi kwa sababu mwanamke peke yake kwenye meza ya walevi hujitafutia kesi, yeye kwa sababu alikuwa na simu ya kupiga. Alimpigia mkewe baada ya kila mechi. Mkewe hakuwahi kuuona ubao kwa macho yake, maana mguu wake haukukanyaga baa, lakini hesabu alizijua zote. Nilimsikia kwenye simu, sauti nyembamba yenye haraka: "Haya, ulibakisha ngapi?" Naye alimsimulia kishale kwa kishale, kana kwamba anampeleka sokoni kwa mkono.

Mkewe alifariki kabla ya msimu wa mwisho. Tulikwenda kuzika, tukarudi tena kwenye matanga. Siku hiyo ya matanga wenzetu wawili, kwa huzuni waliyodai walikuwa nayo, walipitia mahali kupata moja moja kabla ya kuja. Walikaa barazani pamoja na masheikh, na harufu ikakaa pamoja nao. Mwanawe Ustadh ndiye aliyekuwa akimimina kahawa. Aliwafikia, akasita kidogo, akawamiminia, akawaambia "Karibuni" kwa adabu, akaendelea. Nilikuwa mlangoni pamoja na wanawake, nimejifunga leso, nikaiona shingo yake jinsi ilivyokaza.

Huyo mwanawe ndiye ustadh wa kweli. Anafundisha madrasa, hatua chache kutoka nyumbani kwao, na watoto wa mtaa mzima humpa mkono na kuubusu wake. Yeye, mkewe na watoto wao wanaishi ghorofani; baba yake anaishi chini. Nyumba ni ile moja, mlango ni ule mmoja wa nakshi ulioliwa na chumvi, na ngazi ni moja. Chakula kiliteremshwa kila siku kikiwa moto, kimefunikwa kawa. Hapana kilichopungua, ila mazungumzo. Baba akitoka jioni na kizibao chake, mwana aligeuza uso akatazama ukuta. Hakumkemea, maana mzazi hakemewi. Aligeuza uso tu. Ustadh alinieleza hayo Kisumu, mechi imekwisha, simu iko mkononi mwake na hana wa kumpigia.

"Angenikemea ningemjibu," alisema. "Mtu akikugeuzia uso, wamjibu nini?"

Kisha akanisimulia mechi yote mimi, niliyekuwa nimekaa pale pale nikiitazama. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nilijua ninapaswa kuuliza amebakisha ngapi, lakini ulimi ulikataa, kwa sababu swali hilo halikuwa langu.

Msimu huo ndio mkono wake ulipoanza kugoma. Wachezaji wa vishale wanaujua ugonjwa huo na hawapendi kuutaja. Mtu anasimama vizuri, analenga vizuri, mkono unakwenda mbele, na vidole havifunguki. Kishale kinabaki mkononi. Hana maumivu, hatetemeki. Vidole vimekataa tu, wala hakuna daktari wa kumpelekea. Kwa Ustadh ulianza Nakuru, mara moja, akajifanya amepisha nzi. Nairobi ukamshika mara nyingi mpaka watazamaji wakaanza kunong'ona. Yeye alifanya mzaha. "Mkono umefunga leo," alisema, "haujasikia adhana." Lakini usiku ule kwenye treni ya kurudi nilimwona anafungua na kufumba vidole pajani, akiviangalia kimoja kimoja, na uso wake haukuwa na mzaha wowote.

Alijua, na sisi tulijua, kwamba msimu ukiisha yeye ameisha. Ndipo aliponiambia anachotaka. Kombe hakulitaja.

"Nimetupa vishale maisha yangu yote," alisema, "na hakuna mtu wa nyumbani kwangu aliyepata kuniona. Hata mmoja. Marehemu alisikia tu. Nataka mwanangu anione mara moja, kabla mkono haujafa. Akishaniona, basi, na aendelee kugeuza uso akitaka."

Mechi za mwisho za ligi zilikuwa kwetu, na kwa kawaida zingechezwa klabuni, kwenye baa. Mwanawe asingeingia baa. Mechi zilirushwa kwenye simu pia, lakini yeye si mtu wa kufungua ukurasa wenye chupa ya bia juu yake. Basi Ustadh, ambaye katika miaka yote hakuwahi kuiomba timu kitu, alimwomba kepteni mechi zihamishiwe ukumbi wa shule moja kule Kizingo, mchana, baada ya alasiri, na pombe isiingie.

Kepteni alipiga kelele mpaka mishipa ikamtoka. "Ustadh! Watu watoke Kisumu kote huko waje kunywa maji ya mfereji?"

"Watakunywa madafu," alisema Ustadh. "N'tayaleta mimi."

"Na wadhamini je? Wao wanauza madafu?"

"Weye wambie mzee wenu ana wazimu. Si ndivyo msemavyo?"

Kepteni alimtazama, akakuna kidevu, akanitazama mimi. Nikamwambia akikataa atafute mwanamke mwingine wa kumbebea timu. Akakubali, huku akitutukana sote wawili, na Ustadh kwa mara ya kwanza hakuweka vishale mezani. Wadhamini walikubali kwa shingo upande. Walitundika mabango yao nje, kwenye uzio.

Kumwalika mwanawe kulimchukua siku kadhaa. Mwishowe alipanda ngazi. Alinisimulia kwamba hakuwa amepanda ngazi zile tangu matanga, na alipofika juu wajukuu waliacha kula wakamtazama. Alisema maneno yake akiwa amesimama mlangoni: kuna mechi, ni shuleni, hakuna ulevi, ningependa uje. Mwanawe alimjibu, "Inshallah."

Juma zima hatukupumzika na hiyo inshallah. Alinijia nayo Shimanzi, nikiwa kazini, malori yananguruma nje.

"Mwanangu, weye waonaje? Alisema inshallah ya kuja, au inshallah ya kunitoa mlangoni?"

"Mimi nitajuaje, Ustadh? Aliisemaje?"

"Alisema inshallah, akanywa maji."

"Basi ni ya kuja," nilimwambia. Sikuwa na hakika yoyote, lakini alihitaji jibu na nilikuwa na kazi.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Madafu yalikuja kwa mkokoteni, na jamaa wa Kisumu wakayapenda kuliko walivyotarajia. Ustadh aliweka kiti kimoja mstari wa mbele, akakitandikia kitambaa cheupe, akatuonya tusikikalie. Kila mlango ulipolia aligeuka. Mechi zikaanza, zikaendelea, watu wakashinda na kushindwa, na kiti kikabaki na kitambaa chake. Kufikia mechi yake yeye, timu yetu na Kisumu zilikuwa sawasawa. Mechi hiyo ndiyo ingeamua nani abebe kombe.

Alicheza na kijana mmoja mrefu wa Kisumu, mwenye heshima na mkono mwepesi. Ule ujanja wake wa kusifu hakuutumia. Nadhani alikuwa amesahau kwamba kuna mpinzani. Mkono ulimgomea, ukafunguka, ukagoma tena. Walikwenda bega kwa bega mpaka mkondo wa mwisho, na Ustadh akabakiwa na thelathini na mbili, yaani dabo ya kumi na sita, kishale kimoja kikiingia mambo yamekwisha. Kijana wa Kisumu naye alikuwa amebakisha kidogo, na akipewa nafasi hakuna shaka angemaliza.

Kishale cha kwanza kilipiga waya, kikaanguka. Cha pili mkono ulikishika, ukakishika, kisha ukakitema, kikaenda nje kabisa. Kikabaki kimoja. Desturi ya mchezo wetu ni kwamba mtu akiwa mstarini watu hunyamaza, na wakati ule hata kumeza mate kulisikika. Aliinua mkono.

Mlango ukafunguka. Mwanawe alikuwa amesimama pale, kanzu nyeupe, kofia, ametoka madrasa moja kwa moja. Akafanya jambo ambalo mtu yeyote wa Mji wa Kale aliyelelewa angelifanya akiingia penye watu. Alitoa salamu, kwa sauti kamili, ili imfikie na aliye mbali.

"Asalaam alaykum!"

Ukumbi mzima ulimgeukia. "Shhhh!" walisema kwa pamoja, kama maji yaliyomwagwa kwenye kaango la moto. Mtu mmoja akapaza sauti, "Nyamaza, bwana!" Mwingine akasema, "Funga mlango!" Sidhani kama katika maisha yake yule kijana aliwahi kunyamazishwa, tena kwa kutoa salamu, tena na watu aliowadhani walevi. Alisimama kidogo, mdomo wazi. Kisha akarudi nyuma, akauvuta mlango taratibu.

Ustadh aliushusha mkono. Aligeuka na kuuelekea mlango uliokwisha fungwa, akajibu, bila haraka, neno kwa neno: "Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Karibu, baba. Kiti chako hiki hapa."

Mwamuzi alikohoa, akasema kwa upole, "Ustadh, tupa."

Niliomba Mungu kwa lugha zote ninazozijua. Si kwa ajili ya kombe. Niliomba amwache atoke nje akamfuate mwanawe, na papo hapo niliomba atupe, kwa kuwa nilijua hatasimama pale tena. Yeye aliutazama ubao. Aliinua mkono, ukaenda mbele, na vidole vikafunguka kwa wepesi ambao sikuuona kwake msimu mzima. Kishale kikaingia kwenye dabo ya kumi na sita, katikati kabisa.

Kelele zilizopigwa nadhani zilisikika mpaka Ngome ya Yesu. Kepteni alilia waziwazi. Walitaka kumbeba Ustadh, akawaponyoka, akampa mkono kijana wa Kisumu, akaenda mlangoni upesi upesi. Nilimfuata. Barabara ya Kizingo ilikuwa tupu, isipokuwa magari mawili yaliyokuwa yakipita na mlinzi wa nyumba ya jirani. Ustadh akamuuliza kama amemwona kijana wa kanzu. Mlinzi akaonyesha kidole kuelekea mjini.

"Amekwenda," alisema Ustadh. Akaifungua mikono, akaitazama. "Sasa amesikia na makelele. Atasema ni ulevi tu."

Tulimpa kombe alishike kwa picha. Kwenye picha hiyo sote tunacheka, naye anatazama kando.

Hakurudi klabuni tena. Kila mtu alikuwa na sababu yake ya kueleza kwa nini, na mimi niliyeijua sababu nilinyamaza, jambo ambalo si desturi yangu. Baada ya muda nilikwenda kumjulia hali. Nilipokata kichochoro cha kwao nikakutana na mwanawe anatoka madrasa, vitabu kwapani. Nilimwamkia, nikataka kupita. Akanisimamisha.

"Dada, samahani. Weye ni yule wa timu ya baba?"

"Ndimi."

"Ile siku…" Alitazama chini. "Nliharibu mchezo?"

"Hukuharibu kitu. Alishinda."

"Najua. Nlimuona."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Walipomnyamazisha alidhani ameshamharibia baba yake, akatoka kwa haya. Alipofika verandani miguu ikakataa kwenda. Akazunguka, akasimama dirishani, akamsikia baba yake anaijibu salamu yake mbele ya watu wote wale. Akakiona kishale kinaingia. Kelele zilipopigwa aliona haya tena, akaenda zake.

"Sasa mbona hukumwambia?" nilimuuliza, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko ilivyostahili kwa mwalimu wa watu.

"N'tamwambiaje, dada? Miaka yote hini namuona yuwatoka na kizibao chake, mimi nageuza uso. Leo nende nikamwambie umetupa vizuri? Nianze na neno gani?"

"Anza na hilo hilo."

Alitabasamu kidogo, tabasamu la baba yake kabisa. "N'tamwambia," alisema. "Lakini tafadhali, usinitangulie. Niachie mwenyewe."

Nilimwahidi. Mimi na ahadi za namna hiyo ni paka na samaki. Niliingia, nikamkuta Ustadh amekaa kwenye daka la mlangoni, amekonda, hana harufu ya udi. Aliniuliza habari za kepteni, za yadi, za mama yangu Kaloleni. Nilivumilia mpaka chai ikaja. Chai ilipokuja nikamwambia yote.

Alikiweka kikombe chini. Juu yetu tulisikia watoto wakikimbizana sakafuni.

"Dirisha lipi?" aliuliza.

"Dirisha lipi vipi?"

"Upande wa ubao, au la nyuma?"

"Sikumuuliza, Ustadh."

"Kama ni la upande wa ubao, basi aliniona uso." Alifikiri. "La nyuma angeona mgongo tu. Lakini kishale angekiona."

Nilisimama. Nilimwambia nakwenda kumwita sasa hivi, ateremke, waongee kama watu, mambo yaishe. Alinishika upindo wa leso, yeye asiyemgusa mwanamke wa watu.

"Keti, mwanangu. Usimwambie kuwa nshajua. Ameomba aachiwe, mwachie."

"Na asiposhuka?"

"Yuko juu tu hapo," alisema. "Si mbali."

Nilimkasirikia. Niliwakasirikia wote wawili, mmoja juu na mmoja chini, na ngazi katikati. Lakini nilikaa, nikamaliza chai, nikanyamaza kama nilivyoombwa, na mpaka leo nimenyamaza.

Mara ya mwisho nilimwona nje ya Ngome ya Yesu, asubuhi moja, amekaa ukutani karibu na wauza vinyago, anaota jua. Wale jamaa wanaowatembeza wageni walikuwa wakimtania, naye akiwarudishia. Nilipokuwa bado mbali aliniona. Hakungoja shikamoo yangu wala swali langu. Alitikisa kichwa.

"Bado, mwanangu," alisema. "Bado hajashuka."

Nilikaa kando yake. Nilimweleza habari za msimu mpya, nani amesajiliwa, mechi ya kwanza iko wapi, na alisikiliza kwa adabu ya mtu anayesikiliza habari za harusi ya mbali. Kisha akaitazama saa yake, akasema madrasa hufungwa saa hii. Akasimama upesi, akavaa ndara, akaniaga huku anakwenda, asije mtu akashuka ngazi asimkute.